Ukitaka kuona maua ya saguaro, amka alfajiri

Mgeni akiniambia anakuja Tucson, Arizona, mwezi wa Mei kutazama maua ya saguaro, kaktasi ndefu ya jangwani, namuuliza kwanza kama anaweza kudamka. Ua la kaktasi hii hufunguka jua likishazama, na mchana wa siku ya pili linasinyaa moja kwa moja. Msimu wenyewe ni wiki kadhaa, mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni, kwa kuwa mmea hutoa maua kwa zamu, machache kila usiku. Anayefika saa nane mchana anaambulia maua yaliyonyauka na joto linaloweza kupita nyuzi 38.

Mimi huenda Saguaro National Park, ile ya magharibi mwa mji, saa kumi na mbili asubuhi. Usikimbilie zile ndefu. Saguaro kubwa hupita mita 12 na maua hukaa kileleni, utaishia kuumwa shingo tu. Tafuta yenye mkono, yaani tawi, ulioinama. Usiku wa baridi kali mikono hulegea ikashuka, mingine mpaka usawa wa uso. Kisha zungukia mashariki, maana upande huo ndio huchanua zaidi. Petali ni nyeupe, nene, zinang'aa kama nta, na katikati kumejaa chavua ya manjano ambamo nyuki huzama mwili mzima. Harufu ni ya tikiti lililoiva kupita kiasi. Popo wameshakunywa usiku. Asubuhi ni zamu ya njiwa wenye mabawa meupe.

Usichume. Sheria ya Arizona inailinda saguaro, na ni haki: mkono wa kwanza huota mmea ukiwa na miaka 50 hadi 75, penye ukame zaidi hata 100. Mimea michanga utaiona imejibanza chini ya mti wa palo verde, ikijikinga jua na baridi. Na ua ulilochuma lingekuwa tunda la Juni, ambalo Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, huliangua kwa upondo wa mbavu, yaani fito ngumu za ndani, za saguaro iliyokufa, wakapika sharubati.

Beba maji kuliko unavyodhani yanatosha. Beba na kitana. Kuna kaktasi fupi iitwayo cholla, vipande vyake hukatika kirahisi na kung'ang'ania nguo au ngozi. Ukivuta kwa vidole, vidole navyo vinanasa. Penyeza kitana chini ya kipande ukirushe, huku wenzako wamekaa mbali. Changu hakitoki mfukoni, na nywele zenyewe sina.