Mwambie akusomee ukurasa anaoupenda

Ami yangu ni nahodha wa boti ya abiria baina ya Lamu na Mokowe. Kando ya usukani huweka mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mna kitabu. Abiria wakichelewa kujaa pale gatini Mokowe, hukitoa akasoma. Tangu nimjue, kitabu hicho ni riwaya ya upelelezi: mara Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mara Willy Gamba wa Musiba, mara Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kisha anarudi kwa Bwana Msa.

Mimi nilisomea ualimu wa Kiswahili, na chuoni nilifundishwa kuzigawa riwaya mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa. Zile za kwanza zina uzito, hizi za pili ni za kupitishia wakati. Nilirudi nyumbani nikiuamini mgawanyo huo kuliko nilivyowaamini wazee wangu. Siku moja tumekaa dakani na wageni, ami akanipa Mzimu wa Watu wa Kale, kimoja cha vitabu vya Bwana Msa, akaniambia, “Mwanangu, hebu soma hiki.” Nikamjibu kwamba vitabu vya namna ile ni vya watu wasiotaka kufikiri.

Hakusema kitu. Alikirudisha kitabu mfukoni, akauliza kama chai imebaki. Karibu mwaka mzima hakunizungumzia kitabu chochote, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijapelekwa shule.

Naandika haya kwa kuwa nawaona wengi wakikosana vivyo hivyo. Mmoja anampenda mwandishi fulani, mwenzake anamwona hafai, na baada ya maneno mawili matatu mwandishi amesahauliwa, wanatukanana wao kwa wao. Ushauri wangu ni mdogo: kabla hujakisema kitabu anachokipenda mwenzako, mwombe akusomee ukurasa mmoja, ule anaoupenda, kwa sauti, nawe unyamaze mpaka amalize.

Nilijifunza hilo siku niliyokwenda kumtaka radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, lakini yeye akanikatiza: “Ndoo uketi, nikusomee.” Akakitoa kile kitabu. Jalada lilishatoka zamani, na mgongo wake alikuwa ameushona kwa uzi wa tanga, mishono mipana kama ya kiraka. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa bahari, na pembeni mwa nyingi mlikuwa na alama ya dole gumba lenye mafuta ya injini. Akanisomea mazungumzo ya Bwana Msa na rafiki yake Najum, akibadilisha sauti kwa kila mmoja. Ghafla akasita, akaufunika ukurasa kwa kiganja. “Na wewe wasemaje? Nani muongo hapa?”

Sikujua. Ilinibidi nirudi nyuma kimoyomoyo, nikumbuke nani alisema nini na kwa nini. Hapo ndipo nilipoona uzito wa nililomwambia. Hadithi nzima ni ya mtu na kiko chake, anayekaa mahali watu wanapoogopa mizimu na kuuliza maswali mpaka hofu inakosa pa kusimama. Ami amekuwa akikisoma miaka yote hiyo kwa ajili ya kufikiri, nami nikamwambia hataki kufikiri. Tena kitabu chenyewe kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kikachapishwa 1960, wakati riwaya nyingi nilizokuwa nikizitukuza zilikuwa bado hazijaandikwa.

Usidhani kusomewa kunawageuza watu. Nami nilimsomea ukurasa wa Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka 1990, riwaya fupi iliyonikosesha usingizi nilipokuwa chuoni. Alisikiliza hadi mwisho. “Maneno mazuri,” akasema, “lakini sijui nani anakwenda wapi.” Hakuipenda, na hadi leo haipendi. Lakini sasa tunabishana juu ya ukurasa ambao sote wawili tumeusikia, na ubishi wa namna hiyo una utamu wake. Vilevile sikuacha lawama zangu. Nilimwambia kwamba wanawake wengi katika hadithi za Willy Gamba wameumbwa kumtamani shujaa tu, na nikamwonyesha mahali. Akacheka, akasema kurasa hizo yeye huziruka.

Kwetu ubishi si jambo geni. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa hapa Lamu walirushiana mashairi makali. Huwezi kulijibu shairi la mtu bila kulisikia kwanza, tena vizuri.

Na ukisikia mtu amekichukia kitabu, muulize alikisomea wapi. Hili nalisisitiza kwa uchungu kwa sababu nimefundisha. Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri: nimekutana na watu wazima wanaovichukia vitabu hivi vitatu, na ukiwadadisi, hawakumbuki wahusika bali wanakumbuka maswali ya mtihani na fimbo. Mtu kama huyo hajakikataa kitabu, amelikataa darasa. Usibishane naye. Mpe kingine asichoulizwa swali juu yake.

Jambo jingine dogo: kama hukumaliza kitabu, sema uliishia ukurasa wa ngapi. Kuachia ukurasa wa ishirini si aibu. Kukihukumu chote kwa kurasa ishirini ni kumdhulumu mwandishi na aliyekupenda hata akakuazima.

Juzi nilivuka kwenda Mokowe. Wakati wa kurudi boti ilikuwa nusu, jua kali, ami akanisomea huku tukingoja abiria. Binti mmoja wa sekondari, begi kifuani, alikuwa ameketi ukingoni akichezea simu. Mapema alikuwa ameniambia kwamba hapendi riwaya hata kidogo. Ami alipofika mahali pake pa kawaida, akasita na kuufunika ukurasa kwa kiganja. Wakati huohuo abiria wa mwisho wakapanda. Akakifunga kitabu, akakitia mfukoni, akawasha injini.

“Ami,” yule binti akaita, akijaribu kuushinda mngurumo, “sasa nani muongo?”

Ami akamwelekeza kidole mfukoni. Binti akauvuta mfuko miguuni kwake, akaanza kuufungua.