Kitenzi kimejificha mstari wa 6

SWALI: Wanafunzi wangu wa fasihi wanakwama ukurasa wa kwanza wa Paradise Lost, shairi refu la Kiingereza la John Milton. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, anza na sentensi ya kwanza tu. Ina mistari 16, na kitenzi chake kikuu, "Sing", kinakuja mstari wa 6. Wanakwama kwa sababu wanatua kila mwisho wa mstari, kama wasomavyo utenzi. Hapa hakuna vina, na maana huvuka mstari. Wakipigie mstari kitenzi hicho, kisha wasome kwa sauti, wakitua penye alama za uandishi pekee. Dua ya ufunguzi, kama ile ya utenzi, wataitambua wenyewe. Halafu rukeni hadi Kitabu cha 9, Adamu na Hawa wanapokula tunda walilokatazwa. Vitabu vyote 12 kwa muhula mmoja? Usithubutu.