Moto wa roshani huanzia kwenye chungu cha maua

Ukitaja moto wa roshani, wengi huwaza jiko la mkaa. Jiko ni hatari kweli, ila angalau linaonekana na mtu yuko karibu nalo. Kibaya zaidi ni kipisi cha sigara kilichochomekwa kwenye chungu cha maua.

Udongo wa kupandia unaouzwa kwenye mifuko mara nyingi si udongo hasa. Ni magome yaliyosagwa, mboji na nyuzi za makumbi, na ukikauka unashika moto. Aliyewahi kuchoma makumbi anaijua tabia yake: hakuna mwali, ni kufukuta tu, saa baada ya saa. Kipisi kikizimiwa humo saa nne usiku, joto linaweza kutambaa polepole hadi kwenye chungu cha plastiki, chungu kikayeyuka, na mwali wa kwanza ukatoka saa nane, watu wakiwa usingizini. Kengele ya moshi iko ndani na mlango wa kioo umefungwa, basi italia moto ukishakomaa. Huku nje upepo unauchochea, na ndimi zinalamba roshani ya jirani wa juu.

Dawa yake ni rahisi mno: kopo la chuma lenye mchanga au maji, lisilo na mmea wowote. Kabla ya kumwaga vipisi kwenye pipa la taka, viloweshe. Chungu ambacho mmea wake umekufa, kiondoe. Ndicho kikavu kuliko vyote.

Kuhusu jiko, kanuni ya kuzuia moto ya Marekani iitwayo NFPA 1 hairuhusu kuwasha jiko la kuchomea nyama kwenye roshani ya jengo la familia nyingi, wala ndani ya mita 3 kutoka kwenye jengo. Pima roshani yako uone kama mita hizo zipo. Majivu nayo huficha makaa hai kwa siku mbili au zaidi, kwa hiyo yasiingie kwenye mfuko wa plastiki: yamwagie maji, uyafunike kwenye ndoo ya chuma. Na usiingize jiko ndani “lipoe”. Mkaa unaofifia hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayoua, nayo haina harufu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Roshani yenye ukuta mzima badala ya nondo ni kama beseni: gesi ikivuja inatuama chini, au inateremka kwenye tundu la maji. Mtungi usimame wima, na kila ukibadilishwa paka povu la sabuni kwenye regulata na maungio ya mpira. Mapovu yakivimba, funga valvu.

Ekstensheni ya ndani isilale nje kwenye mvua, wala isitumike ikiwa imeviringishwa, kwani hupata joto.

Mtungi wa kuzimia moto ukae ndani, karibu na mlango wa roshani, usiharibiwe na jua na mvua. Ule wa unga wa kilo 2 huisha kwa takriban sekunde 10, basi elekeza kwenye shina la moto, si kwenye ndimi, nawe usimame upande wa njia ya kutokea. Moto ukishapita ukubwa wa ndoo, usijaribu. Funga mlango wa roshani, toa watu wote, funga na mlango wa nyumba bila kutia kufuli, shuka kwa ngazi, kisha piga simu Zimamoto.