Jilaze Kitandani Kabla Hujalipa: Ushauri kwa Anayetaka Kulala Ndani ya Mchoro

Wengi wanaoniuliza kuhusu hoteli ambazo kila chumba ni kazi ya msanii huanza na bei, halafu wanataka picha. Mimi huwaambia waanze na kitanda. Ukifika, omba uoneshwe chumba, vua viatu, jilaze chali dakika chache, kisha geuka ubavu kama unavyolala siku zote nyumbani. Hapo ndipo useme kama unakitaka. Chumba cha namna hii kinaweza kupendeza sana ukiwa umesimama mlangoni, lakini ukishalala kikawa hakina cha kukuambia, au kikakusemesha usiku kucha hadi usingizi ukakimbia.

Kuna nyumba moja ya wageni Moshi, upande wa Shanty Town, iliyonifundisha jambo hili vizuri. Moja ya vyumba vyake, ukikitazama kutoka mlangoni, ni ukuta mkubwa wa kijani kilichofifia, karibu mtupu, na ukanda wa rangi chini kabisa, usawa wa godoro. Anayesimama pale anaweza kudhani kazi haijaisha. Ukilala ubavu, ule ukanda unakuwa mfongo, ile mifereji ya kuleta maji ya mlimani vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, ambayo Wachaga wameichimba na kuitunza tangu enzi za mababu. Maji yanapita kati ya migomba. Jani moja limeinama hadi likagusa maji, na pale lilipogusa msanii ameweka viduara vyeupe vyembamba vinavyotanuka kuelekea kwenye mto wako wa kulalia. Ukigeuka chali, darini kuna majani ya migomba yaliyochorwa kwa kutazamwa kutoka chini, mshipa wa katikati ukiwa na mwanga kuliko jani lenyewe, kwa sababu jua liko upande wa pili.

Yule msanii alichora akiwa anamfikiria mtu aliyelala. Mwangalizi wa nyumba aliniambia kwamba kabla hajashika brashi aliomba kitanda kiingizwe na chandarua kitundikwe, kisha akajilaza humo mchana mzima. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Kuna tofauti kubwa kati ya chumba chenye michoro na chumba kilichochorwa kwa ajili ya usingizi, na bei huwa ni ileile.

Wanaojua kazi hii popote duniani hufanya hivyo. Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza, alipofungua hoteli Bethlehem mwaka 2017, mkabala na ukuta ambao Israel imeujenga katika Ukingo wa Magharibi, katika chumba kimoja alichora juu ya kitanda askari wa Israel na kijana wa Kipalestina wakipigana kwa mito, manyoya yakiruka. Uhamishe mchoro huo uupeleke ukumbini, utapoteza nusu ya nguvu yake, maana unautazama ukiwa umelalia mto wako. Marseille, Ufaransa, msanii anayeitwa Tilt alikigawa chumba katikati: nusu nyeupe pe, nusu ikajaa graffiti kila mahali, na mpaka ukapita juu ya kitanda chenyewe. Waliolala wawili ilibidi wakubaliane nani analala upande gani. Huo ni usanii unaojua uko chumbani. Mfano wa mbali kabisa ni hoteli ya barafu ya kijiji cha Jukkasjärvi, Sweden. Wasanii wanachonga vyumba kwa barafu ya mto Torne kila majira ya baridi, na joto likirudi vinayeyuka. Ndani ni nyuzi kama 5 chini ya sifuri, kitanda ni barafu iliyotandikwa ngozi za wanyama, na mgeni anajifunika kwa mfuko mzito wa kulalia. Kule sanaa ndiyo inayoamua unalala vipi, na wengi huchukua usiku mmoja tu wa baridi, zilizobaki wanalala kwenye vyumba vya kawaida. Nauheshimu sana utaratibu huo: hoteli inakuambia ukweli mapema kwamba kulala humo kuna gharama mwilini.

Kwetu hatuna barafu, tuna macho. Kwa hiyo uliza kama kuna nyuso ukutani. Nililala Moshi na mama yangu mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Korogwe, na chumba tulichopewa kwanza kilikuwa na uso wa bibi mzee ukutani, mkubwa kuliko mlango, umechorwa kwa ustadi hasa. Mchana mama mdogo aliusifia. Jua lilipozama akanyanyuka akaenda mapokezi mwenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Chumba ni kizuri, lakini mimi siwezi kulala na macho yale yananitazama.”

“Hamna shida, mama. Wengi husema hivyo. Cha pembeni hakina uso hata mmoja, ni maua ya kahawa tu.”

Tukahamishwa bila maneno. Usione aibu kusema, na usikubali mtu akwambie kwamba hujaielewa sanaa. Picha ya uso unaitazama kwenye jumba la maonyesho kwa dakika mbili, ukiwa umesimama, ukaondoka. Chumbani inakutazama saa tisa usiku unapoamka kwenda chooni. Hali ni hiyohiyo kwa vinyago. Wamakonde wana mitindo mingi, na ule wa shetani, wenye midomo iliyopinda na viungo visivyo mahali pake, naupenda na ningeuweka sebuleni kwangu kesho. Kando ya kitanda sitaki. Kama hujui unavumilia nini, pita kwanza Cultural Heritage, kituo cha sanaa pale barabara ya Dodoma, Arusha, usimame mbele ya vinyago na michoro bila haraka. Kile unachotaka kukigeuzia mgongo, usilale nacho.

Kile chumba cha maua ya kahawa ndicho kilichomkosha mama mdogo. Yeye ni mzaliwa wa Kibosho, amekulia kwenye mibuni. Asubuhi alinivuta hadi ukutani akanionesha kwamba maua hayakuchorwa meupe tupu, kwenye ncha yameanza kugeuka kahawia, maana ua la kahawa likichanua halikai, siku chache tu linanyauka. “Huyu amelima,” akasema. Alibaki pale ukutani hadi chai ikapoa.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko hoteli nyingi zinakoharibu kazi ya msanii. Balbu nyeupe kali zilizojaa siku hizi zinaufanya mchoro uonekane umekufa, hasa nyekundu na rangi za udongo. Ukiikuta, zima ya darini, washa ya kando ya kitanda, au omba wakubadilishie waweke yenye mwanga wa njano. Balbu ni kitu kidogo, watakubadilishia. Angalia pia aina ya rangi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi, na waliofuata mtindo wake wameendelea nayo. Kwenye kipande unachoweza kukibeba kwapani, mng'ao ule ni raha tupu, twiga na ndege wanaruka. Ukiupaka ukuta mzima wa chumba cha kulala, taa inajirudia ukutani na kukuchoma machoni ukiwa kitandani. Nimelala kwenye chumba cha hivyo Arusha. Mchoro ulikuwa mzuri, ukuta haukuwa mahali pake. Kwa kuta kubwa tafuta vyumba vilivyopakwa rangi isiyong'aa.

Umeme ukikatika, tumia taa ya sola au tochi ya simu. Usiwashe mshumaa karibu na ukuta uliochorwa hata kama hoteli yenyewe imekuletea, kwa sababu masizi hayatoki bila kuchukua na rangi. Na utafute swichi mapema kabla ya giza. Wasanii wanapenda kuzificha. Katika kile chumba cha mfongo, swichi ya bafuni imepakwa rangi ileile ya shina la mgomba, na usiku utapapasa shamba zima.

Chandarua kinabadilisha picha, kwa hiyo kishushe ukiwa bado mchana uone. Mistari myembamba inapotea, maumbo makubwa yanabaki na kuwa laini, na mara nyingine mchoro unapendeza zaidi hivyo. Ila usiache kukishusha eti uone vizuri. Moshi ina mbu, na malaria haijali ulikuja kutazama nini.

Fika mapema. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita kama 80, ukipanda basi asubuhi unafika na siku yako bado nzima. Ingia chumbani mara tu kinapokuwa tayari, alasiri, uone ukuta kwa jua, kisha kwa jua la magharibi, kwa taa, na alfajiri. Anayeingia saa nne usiku na kutoka saa moja asubuhi amelipia mchoro ambao hakuuona. Kuhusu madirisha nina msimamo wangu: chumba kinachotazama mlima sikipi mchoro wa nguvu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, ikifunguka saa kumi na mbili asubuhi kabla ya mawingu, hakuna ukuta utakaoshindana nayo. Chukua chumba cha mlima kwa ajili ya mlima, na cha sanaa kwa ajili ya sanaa.

Picha za mtandaoni karibu zote zimepigwa kutoka mlangoni au kwenye kona, kwa lenzi inayotanua chumba. Mpigie simu wa mapokezi, umwombe akutumie kwa WhatsApp picha iliyopigwa kutoka kwenye mto, mchana, na nyingine usiku taa ikiwa imewaka. Wasiotaka kukutumia wana sababu. Umuulize nani amechora na lini ukuta ulirudiwa mara ya mwisho. Kama umechorwa juzi, harufu ya rangi ya mafuta bado iko humo, na mwenye pumu atateseka. Kama una miaka mingi, uliza umepitaje masika. Unyevu wa Machi hadi Mei hupanda kutoka kwenye msingi, rangi inavimba vipele na kubabuka, na fangasi wanaanza nyuma ya kitanda ambako kamera haifiki. Bafu la ndani lisilo na dirisha ni adui mwingine. Ukioga maji ya moto Juni au Julai, baridi inapokaza, funga mlango wa bafu hadi mvuke utulie, usije ukaukuta umetiririka juu ya kazi ya mtu. Begi nalo liweke katikati ya chumba au kwenye kiti, lisiegemee ukuta.

Bei sina mengi ya kusema. Uliza bei ya Mtanzania, beba kitambulisho cha NIDA, na ulinganishe na chumba cha kawaida cha hoteli hiyohiyo.

Jina la msanii nalisisitiza. Michoro mingi ya vyumbani haina saini, na wageni wanaondoka na picha mia kwenye simu bila kujua ni mkono wa nani. Uliza, uliandike kwenye kitabu cha wageni, ulitaje unapoiweka picha mtandaoni. Mkono uliochora mfongo ule unastahili kutajwa kuliko shuka na kifungua kinywa, ambavyo ndivyo watu huviandika. Ukitaka kuitumia picha kwa biashara yako, kwenye tangazo au kalenda, mtafute msanii mkubaliane. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji, na mwenye hoteli kumiliki ukuta hakumfanyi kuwa mwenye kazi.

Namba ya simu nayo uombe, kwa idhini yake. Mama mdogo aliomba, na sasa anataka ukuta wa chumba chake Korogwe uchorwe maua ya kahawa. Kama nawe utashawishika hivyo, anza na fundi wa puti, ukuta ukae hadi ukauke kabisa, ndipo msanii aje. Malipo yagawe: nusu mwanzo, nusu kazi ikikamilika, na pesa ya rangi iwe kando na ya ufundi, imeandikwa. Rangi nzuri ni ghali. Ukiibana ndani ya pesa ya ufundi, msanii atalazimika kununua ya bei ya chini, na masika ya kwanza tu ukuta utaanza kubabuka.