Muulize Fundi: Tela la viazi kushuka Kitonga

SWALI: Fundi shikamoo, nina Hilux dabo kebini ya dizeli, nataka kufunga tela nibebe gunia 20 za viazi toka Iringa kwenda Moro, injini ina nguvu za kutosha, sasa jamaa ananitisha eti kwenye mteremko mkali wa Kitonga ntaua gari. Kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa yako hajakosea. Kuvuta sio ishu, ishu ni kusimama. Gunia moja tuseme kilo 100, hapo ni tani 2 na tela lenyewe hujalihesabu, na tela lisilo na breki zake Hilux nyingi mwisho ni kilo 750, soma kitabu cha gari lako. Kwahiyo bila tela lenye breki usithubutu, labda upige tripu kadhaa.

Kupanga mzigo nako watu wanachemka sana, wanajaza nyuma af tela linaanza kutikisa mkia kama samaki. Viazi vingi vikae mbele kidogo ya ekseli, kama asilimia 10 ya uzito wote ilalie kwenye chuma cha kuvutia. Likianza kuyumba usikanyage breki kwa pupa wala usiongeze mwendo, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke litulie lenyewe.

Kitonga ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka, sio katikati, breki zikishaanza kunuka ushachelewa. Na ile ya kuweka frii, yaani kutoa gia kabisa, kuokoa mafuta, tafadhali sana mdogo wangu, hapana.