Je, sarafu iliyofungwa ndani ya kikasha chenye namba iaminiwe?

SWALI: Shikamoo, fundi. Ninaishi Mikindani. Marehemu bibi aliniachia rupia mbili za fedha za wakati wa Mjerumani, moja ya mwaka 1890 na nyingine ya mwaka 1910. Mnunuzi mmoja aliyepita hapa ameniambia kuwa hazina bei yoyote mpaka zipelekwe kwenye kampuni za Marekani zikapimwe na kufungwa. Mtu huyohuyo anataka kuniuzia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora, ambayo tayari imo ndani ya kikasha cha plastiki chenye jina la kampuni na namba 62. Je, kampuni hizo ni za kuaminika, na nikikiona kikasha ninunue kwa amani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo moja, lakini ndani yake mna mambo matatu: kama sarafu ni halisi, kama hali yake ni hiyo iliyoandikwa, na kama kikasha chenyewe kimetoka kweli kwa kampuni ambayo jina lake limebandikwa juu. Wengi wanaonijia hapa Lindi wakiwa wamekwisha kupoteza pesa walipata jibu la jambo moja, wakadhani wamejibiwa yote matatu.

Kuhusu uhalisi, kampuni kubwa mbili za Marekani, yaani PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, ninaziamini. Sarafu hutazamwa na wapimaji zaidi ya mmoja ambao hawaambiwi mwenyewe ni nani. NGC huwakataza wapimaji wake kufanya biashara ya sarafu. Na kila kampuni hutoa dhamana ya kumfidia mwenye sarafu ikidhihirika kuwa iliyofungwa ilikuwa bandia. Mpimaji anayejua kuwa kosa lake litalipwa kwa pesa ya mwajiri wake hutazama kwa makini. Imani hiyo, hata hivyo, ni kwa kampuni hizo na chache za kiwango chao, kwa kuwa kununua mashine ya kufungia plastiki na kuchapisha lebo ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya.

Namba ya hali ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo. Kipimo cha 1 hadi 70 kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya sarafu za zamani za shaba za senti moja za nchini mwake. Shabaha yake ilikuwa bei: ikiwa sarafu iliyolika kabisa ilikuwa na thamani ya dola moja, ile bora kuliko zote ingeuzwa kwa dola 70. Uwiano huo wa bei haukudumu, lakini namba zilibaki, zikaenezwa kwa sarafu za dunia nzima, na leo kuanzia 60 kwenda juu humaanisha sarafu ambayo haikupata kuzunguka mikononi mwa watu. Kwa hiyo namba 62 haifanani na gramu za mizani yangu. Ni maoni ya watu wenye ujuzi, waliotazama mng'ao, mikwaruzo na makali ya mchoro chini ya taa kwa muda mfupi, wakakubaliana. Sarafu ileile ikirudishwa mezani mwezi ujao inaweza kutoka na 61 au 63, na wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri: wapo wanaovunja kikasha na kuituma sarafu upya, tena na tena, mpaka ipande. Mwaka 2007 John Albanese, mwanzilishi wa NGC, alianzisha kampuni ya CAC, ambayo kazi yake ilikuwa kuzikagua sarafu zilizokwisha kufungwa na kubandika kibandiko cha kijani kwenye zile zilizostahili namba zake. Kama namba ingekuwa kipimo kisichobishaniwa, kazi hiyo isingehitajika. Usikubali kamwe kulipa zaidi kwa sababu ya tofauti ya namba moja ambayo jicho lako halioni.

Jambo la tatu ndilo linalonitia wasiwasi kwa ajili yako. Vikasha bandia vipo, tena vimetengenezwa vizuri, na hubeba namba za vyeti vya kweli, yaani namba za utambulisho ambazo kampuni huzipa sarafu moja moja, zilizonakiliwa kutoka kwenye mtandao. Kijana mmoja aliniletea rupia 15 ya Tabora ndani ya kikasha. Tuliiingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, nayo ikajibu sawasawa: sarafu hiyo, mwaka huo wa 1916, daraja hilohilo. Alifurahi. Nikamwomba tufungue picha. Sarafu hizo zilipigwa Tabora katika karakana ya reli wakati wa vita, jumla 16,198, kwa aina mbili: katika moja ncha ya pambo huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine huishia chini ya herufi A ya kwanza. Kwenye picha ya kampuni ncha ilikuwa chini ya A. Kwenye sarafu iliyokuwa mezani ilikuwa chini ya T. Tulipokivunja kikasha kwa ridhaa yake, mizani haikusoma hata karibu ya gramu 7.17 zinazotakiwa. Tazama basi: plastiki iliyodaiwa kumlinda ndiyo iliyokuwa imeizuia mizani isiseme.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuache uandike namba ya cheti, uitafute mwenyewe kwa simu yako, na ulinganishe picha alama kwa alama. Kama cheti hakina picha, au akikuharakisha, mrudishie sarafu yake.

Rupia zako mbili hazihitaji safari ya Marekani. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, na sonara yeyote mwaminifu ataipima bila kuiharibu. Mwaka 1890 na 1910 si miaka adimu, na ada ya upimaji, usafirishaji na bima inaweza kumeza bei ya rupia yenyewe. Zaidi ya yote, usizisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno. Sarafu iliyosuguliwa au kutobolewa ili ivaliwe shingoni, kama nyingi ninazoletewa, kampuni hizo huithibitisha kuwa halisi lakini huinyima namba, zikaandika kasoro yake kwenye lebo.

Niongeze neno kwa wasomaji wa upande wa Kilwa: visarafu vya shaba vya masultani vinavyookotwa ufukweni visitumwe kokote kupimwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa mali ya kale, na anayeviokota anapaswa kutoa taarifa serikalini.

Ukija Lindi, njoo nazo zikiwa zimefungwa kila moja kwenye karatasi yake, zisigongane njiani. Ukiweza kumshawishi yule muuzaji, njoo naye pia, kabla hujampa chochote.