Kusahau tukio si kusahau ujuzi
Ndugu, umeuliza inakuwaje nyanya yako hapo Kariobangi asahau mgeni wa asubuhi, ilhali bado anasuka kiondo bila kukosea. Kumbukumbu ya matukio na ile ya ujuzi wa mikono hutegemea sehemu tofauti za ubongo. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya za matukio) pande zote mbili katika upasuaji wa mwaka 1953, alijifunza kuchora nyota akiuona mkono wake kwenye kioo tu, akaimarika siku baada ya siku, ingawa hakukumbuka kamwe kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Jambo hili hunigusa sana. Maarifa ya jumla, kama vile maana za maneno, ni aina nyingine, ambayo mwanasaikolojia Endel Tulving aliitenga na kumbukumbu ya matukio mwaka 1972.